Mkono wa Mwali

Maiti ilikuwa kifudifudi njiani, nyuma ya nyumba, na mtoto alikuwa bado mgongoni.

Mtoto alikuwa hai. Hakulia. Alilala juu ya mgongo wa mama yake, kafungwa kwa kaniki, anatazama inzi. Watu wa kitongoji walikuwa wamesimama kando, wanawake mikono kichwani, na hakuna hata mmoja aliyepata akili ya kumfungua. Jamani! Eti wanamsubiri polisi, kisiguswe kitu. Amri zote za Mdachi huwa wanazisahau, siku hiyo ndiyo wakaikumbuka moja.

Shaushi Pazi, askari polisi wa boma la Morogoro, alikuwa amepanda mlima tangu habari ilipofika bomani asubuhi hiyo, goti linamuuma.

"Kasiani," alimwambia ombasha wake, askari msaidizi, "mfungue mtoto kwanza. Maiti haina haraka."

Kasiani, mwenyeji wa milima hiyohiyo ya Uluguru, alimfungua mtoto akampakata. Pazi akapiga goti lile zima.

Marehemu aliitwa Mwaisha. Jeraha lilikuwa juu ya sikio la kushoto. Mfupa umebonyea, damu imeganda kwenye nywele. Pigo moja, la kitu kizito cha mviringo. Hapakuwa na alama za kuburuzwa. Aliangukia palepale alipopigwa. Kiganja cha kulia kilishika jani la mgomba lililokunjwa. Pazi alilikunjua akanusa. Karanga zilizotwangwa.

Akamgeukia mtoto. Nywele zimekuwa nyekundu, laini kama za mahindi mabichi. Uso umevimba, ngozi ya miguu inang'aa. Alibonyeza unyayo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Anaitwa nani?"

"Kibwana," alijibu jumbe wa kitongoji. "Alikuwa anatembea, sasa ameacha. Amebemendwa, Bwana Shaushi. Mama ananyonyesha, huku anatoka na wanaume, kisha anamshika mtoto. Matokeo ndiyo hayo. Mumewe ameambiwa, ameona aibu, ameua. Tumeshamfunga. Kesi imekwisha."

"Kesi ikiisha mimi nitakwambia."

Mume, Mikidadi, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi la mbuzi karibu na hapo. Alikuwa kibarua wa reli inayojengwa kuelekea Kilosa, amefika nyumbani jana yake.

"Ulimpiga mkeo?"

"Nilimpiga."

"Lini?"

"Jana. Kofi, mbele za watu."

"Na leo?"

"Leo sikumgusa."

"Ulikuwa wapi?"

"Shambani. Nimekaa nalia."

"Nani alikuona?"

"Mwanamume akitaka kulia, Shaushi, hutafuta mashahidi?"

"Nani alikwambia mkeo amezini?"

"Mama mkwe. Mama yake mzazi! Ningebisha vipi?"

"Hapa mnakula nini?"

"Mihogo. Mengine yote yamekwenda na nzige."

"Karanga?"

Mikidadi nusura acheke. "Karanga? Hata mbegu hatuna."

Kasiani alimvuta Pazi pembeni. "Shaushi, Bwana Shauri, Mdachi wetu wa bomani, ameshaagiza. Aliyefungwa ateremshwe, anyongwe sokoni, watu wa milimani waone. Tukishuka na huyu, hana shingo tena."

"Nimeisikia amri. Mimi mgonjwa wa goti, siyo wa masikio."

Lakini roho haikumtulia. Njia iliyotoka kwa maiti iliishia kwenye nyumba moja tu, ya Bi Furaha, mama yake Mwaisha. Mama huyo alikaa kizingitini, mikono mapajani, macho makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole kwa msiba."

"Ndiyo hali."

Mchi uliegemezwa ukutani, unatoa michirizi ya maji juani. Pazi aliuinua akauweka chini.

"Mchi umeoshwa."

"Mchi huoshwa."

"Mlitwanga nini?"

"Makopa ya muhogo."

"Yako wapi?"

"Yamekwisha."

Pazi aliingiza kidole ndani ya kinu, akakitoa kinang'aa mafuta. Akakinyoosha mbele ya pua ya mama yule. "Makopa gani haya yenye mafuta?"

Bi Furaha alimeza mate. "Ni karanga za mwali. Nina mwali ndani."

Kila mtu alijua, ila mambo hayo hayasemwi ovyo mbele ya askari. Asia, mdogo wake Mwaisha, alivunja ungo msimu uliopita, akawekwa chumba cha ndani. Haoni jua, haoni mwanamume. Mama yake pekee humpelekea chakula, gizani, na chakula chenyewe ni kile bora kuliko vyote vilivyomo nyumbani, ili siku ya kutolewa kwa ngoma atoke amenona na wakwe wafurahi.

"Kwa hiyo karanga zipo," alisema Pazi.

"Za mwali."

"Na maharage?"

"Ya mwali."

"Mayai?"

"Nimekwambia."

"Mwaisha anayenyonyesha alikula nini?"

"Uji wa muhogo. Sote tunakunywa huo."

"Basi alizipata wapi karanga alizokufa nazo mkononi?"

"Aliziiba."

"Chumbani kwa mwali?"

"Ndiyo."

"Anaingia nani humo zaidi yako?"

"Haingii mtu. Ni mwiko."

"Sasa aliibaje, mama?"

Pazi akasema anataka kumhoji mwali, na hapo palichafuka. Wanawake walipiga kelele, jumbe akaruka kama amekanyaga moto. "Mwanamume haingii humo! Utatuletea balaa!"

"Nani kasema naingia? Mimi Mzaramo, dada zangu wote walikaa ndani. Na asiniambie neno. Atoe mkono tu chini ya mkeka wa mlangoni. Nikiuliza jambo la kweli agonge chini mara moja. La uongo, mara mbili."

Jumbe alikuna kidevu. Mkono si uso, akasema mwishowe.

Mkeka wa mlangoni ukatikisika, mkono ukatoka. Wanawake walioanza kupiga vigelegele kwa mazoea walivikatisha njiani. Kiwiko kilikuwa kinene kuliko mkono wenyewe. Ngozi imepauka, vidole virefu, mifupa ya kiganja inahesabika. Bi Furaha peke yake hakuutazama. Alikuwa amegeuza uso uani tangu mkeka ulipotikisika, anaona haya kwa niaba ya mwanawe.

"Huu ndio mkono uliokula karanga msimu mzima?" Pazi aliuliza, bila kumwelekea yeyote. Kisha akachuchumaa. "Asia. Ulikula chakula ulicholetewa?"

Mara mbili.

"Ulimpa dada yako?"

Mara moja.

"Kuna tundu ukutani?"

Mara moja.

"Leo alfajiri alikuja?"

Mara moja.

"Mikidadi ndiye aliyemfuata njiani?"

Mara mbili, kwa nguvu.

"Ulimsikia aliyemfuata?"

Mkono ulitulia. Vidole vikajikunja, mkono ukarudi ndani polepole.

Pazi alisimama akamkabili Bi Furaha. "Mama, tusimtese. Marehemu alipigwa juu ya sikio, na kichwa cha mtoto kilikuwa karibu kabisa na hapo. Baba hawezi kupiga hapo na mwanawe yuko mgongoni. Aliyepiga hakumjali mtoto."

"Nilimjali," alisema Bi Furaha. "Yeye ndiye niliyekusudia kumpiga."

Hata mbuzi zizini ungesema wamesikia. Mikidadi aliinua kichwa.

"Nilikuwa natwanga," aliendelea mama yule, sauti haipandi wala haishuki. "Nikasikia wananong'ona nyuma ya ukuta. Nikatoka na mchi mkononi. Mwaisha anakwenda zake, na yule mtoto mgongoni anatafuna. Karanga za Asia, anatafuna! Mtoto amekwisha kubemendwa, ni wa kuzikwa huyo, kumlisha ni kutupa chakula. Na nikimpoteza Asia, ukoo wangu utazaliwa na nani? Nikasema, huyu akienda, Mwaisha atapumzika, Asia atakula. Nikainua mchi. Sikumpiga mwanangu, wallahi. Mwaisha aligeuka."

"Na Mikidadi ukamwacha afungwe."

"Niseme nini? Nikienda mimi, nani atampikia mwali?"

Pazi aliona uchungu unampanda, na hakuuficha. "Mama, nilikuwa kusini baada ya Vita vya Majimaji. Ghala zimechomwa, watu wanakula mizizi. Niliona vijiji vizima, watoto wote nywele hizi, miguu hii. Mama zao wote walizini?"

Bi Furaha alimkodolea macho. "Walikuwa na nini, basi?"

"Njaa. Uji mtupu wa muhogo tangu asubuhi hadi jioni, na mama hana maziwa kwa sababu naye hali. Waliopata maharage na karanga walipungua uvimbe. Si wote. Lakini wengi."

"Huyu asingepona."

"Sijui, mama."

"Asingepona!"

"Jana alicheka."

Sauti ilitoka nyuma ya mkeka, nyembamba, imekauka kwa kutotumika. Wanawake waliziba midomo. Mwali kasema mbele ya wanaume!

"Nilimsikia tunduni," ilisema sauti. "Siku zote alikuwa kimya tu. Jana nilimpa kidole akakivuta, akacheka. Dada alilia kwa furaha. Mama, alikuwa anapona."

Bi Furaha alianza kujigonga kifua kwa ngumi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kasiani alimkabidhi jirani mtoto, akatoa kamba, akamfunga yule mama mikono. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia.

Pazi mwenyewe alikwenda kumfungua Mikidadi. Mtu yule hakukimbilia popote. "Neno la mwisho alilopata kwangu ni kofi," alisema, akakaa palepale kwenye samadi. Pazi alimshika bega.

Ndipo mkeka ulipoanguka. Asia alitoka, hana ngoma, hana kungwi, hana nguo ya kujitanda kichwani, kiganja amekikinga usoni kwa ukali wa jua. Wanaume waliinamisha macho kama wamepigwa. Bi Furaha alijirusha na kamba zake.

"Mfunikeni! Mfunikeni mwanangu, wanamwona! Nani atamwoa?"

Hakuna aliyesogea. Asia aliendelea kuja mpaka akasimama mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita Bi Furaha alimwona mwanawe kwenye mwanga. Alimtazama mashavu, mitulinga, mbavu. Mikono yake ililegea kambani.

"Umekonda," alisema. "Asia, umekonda. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, mama? Mtoto alikuwa na njaa."

Akampita, akamchukua Kibwana kutoka kwa jirani, akaketi naye juani mbele za watu wote.