Nesi Aliyekifundisha Kisikizi

Mwanamume aliyeingia kibandani na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi alitoka baada ya nusu saa akiwa ameishika mkononi, macho mekundu, akaulizia dumu lake la mafuta kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Wenzake kwenye foleni hawakumtazama mara mbili. Kila anayeleta alizeti kukamua hukaa humo akisubiri zamu yake, na hakuna ajuaye nani alikuwa anapumzika tu na nani alikuwa analia.

Hicho ndicho kisikizi, na Nesi Yunisi Mkoma, aliyeketi kwenye benchi na gunia lake, hakuchoka kukistaajabia. Kina kiti, kuta zisizopitisha sauti, na akili ya mashine inayoendeshwa kwa upepo wa Singida, ambao haujawahi kuadimika. Hakidai senti wala hakiandiki jina la mtu. Kufikia mwaka huu wa 2071 vipo mia nne mkoani: kwenye mashine za kukamua, kwenye saluni, kwenye visima. Yunisi alikumbuka enzi ambapo mkoa mzima ulikuwa na muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili, naye ni yeye. Watu walipanda basi siku nzima kumfuata, na wengi hawakupanda kabisa, maana jirani akikuona kwenye mlango ule umeshaitwa kichaa.

Kisikizi cha kwanza kilikuwa kichekesho. Kiliuliza, "Unajisikiaje?" Watu wakajibu, "Salama," nacho kikawapa hongera na kuwafungulia mlango. Mhandisi Gwakisa, aliyekibuni, akaja kwa Yunisi kichwa chini.

"Mama, ina maana watu wote hawa ni wazima?"

"Mwanangu, hapa hata aliyefiwa jana hujibu salama. Msalimie kwanza. Ulizia nyumba, watoto, mifugo, shamba. Atakuitikia haraka haraka. Pale atakapochelewa kuitikia, hapo ndipo pa kukaa."

Kwa miaka miwili alikaa na mashine ile akiifundisha kusikia kuchelewa huko, hadi ikaelewa. Yunisi alijivunia kama mzazi, na alikuwa na haki.

Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu amzike mumewe, Yona. Usingizi ulikuwa umemhama. Chakula kilimkaa kooni, na asubuhi nyingine hakuona sababu ya kuinuka kitandani. Hilo lilimtisha, kwa kuwa miaka arobaini ya kazi ilikuwa imemfundisha linakoelekea.

Akainuka, akaingia kibandani.

"Habari za nyumbani, mama?" Sauti ilikuwa na subira ileile aliyoifundisha yeye.

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Usingizi?"

"Mzuri."

"Na mwenzio?"

"Yupo," alijibu papo hapo.

Hakuchelewa hata mara moja. Alijua kila swali kabla halijafika, na ulimi wake ulikuwa umeshajipanga. Kisikizi kikamtakia siku njema, mlango ukafunguka. Mashine iliyowasikia maelfu ilikuwa imeshindwa kumsikia yule aliyeipa sikio lake, na Yunisi hakuweza hata kuilaumu.

Nasra, mwenye mashine ya kukamua, alikuwa akimsubiri nje, mikono imejaa mashudu.

"Nesi, hii ni mara ya tatu unaingia humo."

"Napumzisha miguu, mwanangu."

"Wengine hutoka macho mekundu. Wewe unatoka vilevile ulivyoingia." Nasra alijifuta mikono kwenye khanga, akababaika kidogo. "Mimi sijui kuuliza kwa ustadi kama hicho kidude chako. Ila nakumbuka gunia hili alikuwa akilibeba mzee Yona. Leo umelibeba mwenyewe?"

Yunisi akafungua mdomo kujibu. Jibu halikuja.

Nasra hakuwa amefundishwa lolote kuhusu kuchelewa. Alizima mashine yake ya kukamua tu, akaketi kwenye benchi, akamvuta nesi akae karibu naye. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Leo mtasubiri," aliwaambia, bila kugeuka.

"Sijalala, Nasra," Yunisi alisema. "Sijalala tangu tumzike."