Makosa Kumi na Saba

Kengele ya moto ya jengo la maduka ililia saa tisa alasiri, na moto wenyewe haukuwepo. Watu walikimbilia mlangoni, wakaambiwa ni hitilafu, wakachekana, wakarudi kununua. Msichana mmoja tu wa miaka kumi na sita hakutoka wala hakurudi. Alikuwa ameketi chini ya ngazi na sare yake ya shule, mkoba mgongoni, viganja vimeziba masikio, mwili ukienda mbele na nyuma, huku koo lake likitoa mvumo mmoja usiokatika.

Umati haukukawia kujaa.

"Kifafa hicho! Mtieni kijiko mdomoni!"

"Kifafa gani? Hayo mashetani."

"Mmwagieni maji, atazinduka."

Dada mmoja akapenya katikati yao. Alivaa gauni la njano la mikono mirefu lililomkaa kiunoni, na kwapani amebana bahasha nene. Alikuwa mtunzi wa mchezo wa redio uliosikilizwa mji mzima kila Jumanne saa kumi jioni, na kazini kwake walimwita Mwandishi, basi.

"Jamani, sogeeni! Kwani hapa pana sinema? Na wewe mwenye kijiko, nenda ukale!"

Watu wakasogea, wengine wakisonya. Mwandishi akainama, akanyoosha mkono amshike msichana bega.

"Dada, usimguse!"

Sauti ilitoka juu. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, mikono imejaa grisi, alikuwa akishuka ngazi tatu tatu. Alikuwa fundi wa lifti za jengo lile, na msichana ni mdogo wake, aliyekuwa akimngoja amalize kazi.

"Nilitaka kumsaidia," Mwandishi akasema.

"Umeshasaidia kuwafukuza hao. Sasa kaa, unyamaze."

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia maneno hayo akatii. Siku ile alitii. Akaketi sakafuni na gauni lake la njano, Fundi akaketi upande wa pili, na wote wawili wakanyamaza kwa dakika kumi nzima huku wanunuzi wakiwapita. Mvumo ule, ambao umati ulidhani ni wazimu, msichana alikuwa ameuchagua mwenyewe. Kengele ilimwingia kila mahali, hata kwenye meno. Mvumo wa koo lake ulimpa sauti moja ya kushika mpaka nyingine zipungue. Zilipopungua, akaacha. Akamtazama Mwandishi pindo la gauni, si uso.

"Gauni lako limefagia sakafu," akasema. "Unanukia limau. Limau si mbaya."

"Anaitwa Nukta," Fundi akasema. "Tulimpa jina hilo nyumbani. Akimaliza kusema, amemaliza. Ana usonji. Amekusifu hapo, usidhani utani."

"Nimeelewa. Nipe namba yako basi, Fundi. Siku lifti yangu ikikwama nikupigie."

"Unaishi ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini."

Fundi akacheka mpaka akajipaka grisi usoni.

Lifti ya ghorofa ya chini ilikwama jioni ileile, na kesho yake, na keshokutwa.

"Haloo, Fundi. Imekwama tena."

"Pole, mpenzi. Uko ndani au nje?"

"Niko ndani kabisa, laazizi. Sioni mlango."

"Tulia hapohapo, usibonyeze chochote. Nakuja na spana."

"Njoo na maua, bwana! Spana zako nimezichoka."

Alikuja na vyote viwili. Kufikia mwezi wao wa pili, Mwandishi alikuwa akila nao kila Jumapili. Nyumba yao ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vioo, safi, kila kitu mahali pake. Mama yao alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo Fundi ndiye kaka, ndiye baba, ndiye msemaji. Mgeni akimuuliza Nukta jambo, Fundi alijibu. "Hapendi hicho." "Amechoka huyo." "Anamaanisha ndiyo." Mara nyingi alipatia, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemkosoa.

Kuna jambo Mwandishi hakulisema mapema, na alikuwa na sababu. Katika mchezo wake wa redio mlikuwa na binti mwenye usonji. Mtayarishaji wa kipindi, bwana mmoja wa koti na tai hata siku ya joto, ndiye aliyemwagiza amtie, na Mwandishi alimtunga kutoka kwenye vijitabu vya hospitali: binti mkimya anayejua hesabu kuliko kompyuta. Tangu amjue Nukta, alimwona binti wake yule kuwa mwanasesere. Akaanza kumtia pumzi. Nukta akisema taa ya jikoni inalia kama nzi aliyefungiwa chupani, Jumanne binti wa redioni alitumia maneno hayohayo. Wasikilizaji walipiga simu kusifu. Fundi saa hiyo huwa kazini, hakuwahi kuusikia mchezo, na Mwandishi alijiambia atawaeleza yeye na Nukta siku nzuri ikifika.

Jumapili moja, Nukta akiwa chumbani kwake, Fundi alimwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku tunamzika mama, Nukta alicheka. Pale pale kaburini. Shangazi alitaka kumpiga. Mpaka leo sijui kwa nini alicheka, na sina nguvu ya kumuuliza."

Mwandishi akamshika mkono. Siku tisa baadaye, tarehe ya kuwasilisha ikiwa imefika na ukurasa ukiwa mtupu, akaandika mazishi. Binti wa redioni akacheka kaburini. Mtayarishaji akaongeza sentensi ya msimulizi kwa kalamu nyekundu: *Kwa maana moyo wake haukujua huzuni.* Mwandishi aliiona sentensi ile. Alijua ni ya uongo. Akaiacha ipite.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na nusu, simu yake ililia.

"Wewe ni nani?" Fundi akauliza.

"Mpenzi, unaniuliza mimi—"

"Nakuuliza, maana sikujui. Niko kazini, mlinzi kafungulia redio. Nimemsikia mdogo wangu. Taa yake, nzi wake, kicheko chake. Kumbe kila Jumapili ulikuja kuvuna?"

"Nisikilize kidogo tu."

"Nilikusikiliza miezi minne. Shangazi ameshapiga, majirani wameshapiga. Kesho atakwenda shule na watu wote wanajua yule ni nani. Usije tena nyumbani kwangu."

Simu ikakatwa. Mwandishi akabaki ameishika sikioni muda mrefu, mbele ya wenzake, rangi ya mdomo imeliwa na meno. Usiku wala mchana uliofuata hakupata hamu ya kitu. Aliandika ujumbe ishirini wa kuomba radhi. Fundi hakufungua hata mmoja. Naye huko alikokuwa alifunga nati ileile mara tatu, akasahau kama ameifunga, na jikoni akapika chakula cha watu watatu.

Shuleni walimwita Nukta Mcheka Maiti. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akavipanga, akaketi kitandani kwake kuwaza. Alikuwa na hasira, lakini si ile Fundi aliyodhani. Kaka yake alipita mlangoni akasema, "Usijali, hatumtaki tena yule dada," kisha akaenda zake bila kungoja jibu. Tangu lini yeye hamtaki? Hakuna aliyemuuliza. Alimpenda Mwandishi kwa sababu Mwandishi akiuliza swali alinyamaza mpaka jibu lije, hata jibu likichukua dakika tatu. Kilichomkera kilikuwa kingine: binti wa redioni hakuwa sawa. Vipindi vyote vya mchezo ule alikuwa navyo. Alivirekodi kwenye simu yake tangu cha kwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza anavionaje. Akavaa vidude vya masikioni, akasikiliza vyote upya, siku mbili, kalamu mkononi.

Ijumaa baada ya shule hakurudi nyumbani. Alitembea kwa miguu mpaka jengo la redio, njia ya nyuma isiyo na honi, akapanda mpaka ghorofa ya nne, akamkuta Mwandishi mezani na macho yaliyovimba.

"Nukta! Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu. Una makosa kumi na saba."

Akaweka karatasi mezani. Mwandishi alitaka kulia, akatazama karatasi ile, akaona kulia kungekuwa kupoteza muda wa mgeni. Akavuta kiti.

"Nisamehe kwanza. Maneno yalikuwa yako, nikayachukua bila kukuomba. Ni wizi."

"Ndiyo, ni wizi. Hilo ni kosa la kwanza. La pili, taa ya nzi ilikuwa ya jikoni, wewe umeiweka sokoni, juani. Nani anawasha taa juani?"

"Hakuna."

"La tano. Binti wako anajua hesabu. Mimi nilipata thelathini na nane kwenye hesabu."

Mwandishi akaandika. Hakujitetea. Mtayarishaji akachungulia mlangoni na tai yake, akaona uso wa msichana, akaamua kwamba ana kazi kwingine.

"La kumi na moja. Hataki kitu. Vipindi ishirini na sita, watu wanamhurumia tu, yeye hataki kitu. Nina miaka kumi na sita. Nataka vitu vingi. Kuna mvulana wa darasa la fizikia ana masikio mazuri."

"Masikio?"

"Mazuri sana. Kaka hajui. Usimwambie, na usimtie redioni."

"Sitamwambia, wala sitaandika."

"La kumi na saba." Nukta akaanza kusugua ncha ya tai ya sare yake kati ya vidole, juu chini, juu chini. Mwandishi hakumsaidia neno. "Kaburini kipaza sauti kilipiga ukelele. Shangazi akanishika shingo, mkono wake ulikuwa wa baridi na majimaji. Kicheko kikatoka. Kama chafya. Mtu akipiga chafya msibani hamumwambii hana huzuni. Halafu nilikwenda nyumbani nikapiga pasi nguo zote za mama. Zote. Siku tatu. Nilimaliza, nikazikunjua, nikapiga tena. Hakuna aliyeniuliza kwa nini napiga pasi. Waliuliza kicheko tu."

"Nilikuona," sauti ikasema mlangoni.

Fundi alikuwa pale, jasho limelowesha ovaroli, simu mkononi. Alikuwa amezunguka shule, duka la vioo na hospitali mbili kabla ya kukumbuka jengo hili. Alikuja na maneno makali ya kumwambia Mwandishi. Yote yalimwishia hapo mlangoni.

"Nilikuona unapiga pasi," akarudia. "Nikadhani umechanganyikiwa. Nikakunyang'anya pasi."

"Ndiyo. Ilikuwa imebaki kanzu moja ya kijani."

"Nisamehe, Nukta."

"Bado. Nawe una kosa." Akamgeukia kwa kiwiliwili, macho kwenye vifungo vya ovaroli. "Umemfukuza dada kwa sababu alisema habari zangu bila kuniuliza. Nani alimwambia habari zangu?"

Fundi akatia simu mfukoni.

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Na ulisema hatumtaki. Mimi namtaka. Usinijibie, kaka. Nikichelewa, ngoja."

Mtu mzima yule, mwenye mabega ya kubeba injini ya lifti, akaketi juu ya rundo la miswada na kufunika uso. Mwandishi hakumkimbilia. Alingoja mpaka alipoinua kichwa, wakatazamana.

"Sentensi ile ya moyo usiojua huzuni niliiona, nikaiacha," akamwambia. "Hilo siwezi kumsukumia mtu. Jumanne nitalisahihisha kwa mdomo wangu."

Mtayarishaji alipinga. Alisema wasikilizaji hawapendi kusahihishwa. Mwandishi alimwekea karatasi mbili mezani, moja ya masahihisho na moja ya kuacha kazi, akamwambia achague. Jumanne saa kumi, kabla ya mchezo kuanza, mji mzima ulimsikia akisema kwamba alimwandika binti yule vibaya, kwamba kicheko kile kilitoka kama chafya, na kwamba tangu leo kila ukurasa wake utasomwa kwanza na msichana anayejua. Kisha, kwa ruhusa ya Nukta, binti wa redioni akapiga pasi nguo za mama yake, dakika nne, bila muziki, mvuke tu na kitambaa. Simu za wasikilizaji zilizopigwa siku ile zilikuwa nyingi kuliko siku nyingine zote, na shuleni jina la Mcheka Maiti likafa taratibu, maana mvulana wa masikio alisema mbele ya darasa kwamba naye alipiga chafya kwenye msiba wa babu yake.

Fundi hakurudi haraka. Alipiga simu siku ya tatu.

"Haloo. Lifti yako vipi?"

"Imekwama, na safari hii kosa ni langu."

"Na langu. Naja."

Asubuhi moja ya Jumapili, miezi mitano baadaye, walikuwa jikoni wakiosha vyombo. Fundi anasugua, Mwandishi, katika gauni la buluu na mikono iliyokunjwa, anafuta.

"Mahabuba," Fundi akasema akitazama sahani, "nataka unioe."

"Nikuoe mimi?"

"Nikuoe! Nikuoe wewe. Ulimi umeteleza."

Mwandishi akacheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha akakaza uso. "Umemuuliza Nukta?"

Mlango wa chumba ukafunguka. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

"Mimi si wa kuulizwa kuhusu ndoa yenu," Nukta akasema. "Mnaooana ni ninyi. Niulizwe kuhusu chumba changu."

"Chumba chako tukiguse?" kaka yake akauliza, akangoja. Maji ya bomba yalidondoka. Akangoja zaidi.

"Msikiguse. Lakini kuna rafu moja tupu dirishani. Vitabu vyake vinaweza kukaa hapo, vikipangwa kwa urefu."

"Kwa urefu," Mwandishi akaafiki, akafuta mikono na kumshika Fundi shati penye povu. "Basi jibu langu ni ndiyo. Nioe."