Baba Hayupo, Amekwenda Mwese

Ndugu zangu, nawaeleza habari ya nyumba moja ya Nsemulwa, pale Mpanda, miaka ya tisini, wakati ujumbe ulipelekwa na mtu kwa miguu yake. Nisikilizeni vizuri, maana nyumba hiyo inaweza kufanana na yako.

Jumapili moja baada ya misa, Optatus, fundi seremala, alikaa barazani na mkewe Marsela. Wali ulinukia jikoni, redio mpya iliimba, na binti yao Evaline alicheza uani. Mara kengele ya baiskeli ikalia njiani. Optatus akainuka mbio, akatokomea kwenye mahindi nyuma ya nyumba.

Alikuwa ni Damiano, mkopeshaji wa riba.

"Shemeji, mzee yupo?"

"Katoka," Marsela alijibu, akitazama chini.

Redio ile na baiskeli, Optatus alivikopa dukani kwa Kasimu. Kasimu alipodai, akakopa kwa Damiano, akamlipa Kasimu nusu tu. Riba ya Damiano ilipopanda, akachukua malipo ya awali kwa watu waliotaka vitanda vya mninga, akampelekea Damiano sehemu ya deni, na mbao hazikununuliwa. Wote hao sasa walikuwa wanabisha hodi. Alikuwa anafukia shimo kwa kuchimba jingine.

Kisha akamfundisha mtoto kusema uongo.

"Akija mtu yeyote, sema baba hayupo, amekwenda Mwese."

Wiki chache baadaye, Marsela akiwa shambani Misunkumilo, hodi ilipigwa. Optatus akakimbilia mahindini, mbali, asisikie hata sauti. Evaline alimkuta mgeni mlangoni, nguo zimejaa vumbi.

"Baba hayupo, amekwenda Mwese," alisema bila kukwama.

Mgeni alikuwa Leodgar, mdogo wake Optatus, ambaye mtoto hakuwahi kumwona. Alitoka kwao Usevya kwa lori kuleta habari kwamba mama yao yuko hoi na anamwita mwanawe mkubwa. Hakutaka kumtwisha mtoto habari nzito kama hiyo. Bila kumngoja Marsela, akawahi gari la kwenda Mwese.

Optatus aliporudi ndani, Evaline akamwambia, "Mtu amekuja, nimemwambia umesafiri."

"Vizuri, mwanangu," akampapasa kichwa.

Leodgar alipanda na kushuka vilima vya Mwese akiuliza kijiji kwa kijiji. Aliporudi Mpanda miguu imevimba, alimkuta kaka yake barazani anakula.

"Kumbe upo?" Leodgar alisema. Alikaa chini palepale kwenye udongo. "Mama anakufa, kaka. Mimi nimekutafuta milimani."

Waliondoka na lori la kwanza. Usevya walikuta kaburi bichi. Dada yao Theopista hakumpa Optatus mkono.

"Alikuita mpaka sauti ikakatika," alisema tu.

Optatus alitaka kujieleza. Angesemaje? Kwamba alijificha kwa ajili ya redio?

Aliporudi Nsemulwa, yeye mwenyewe aliwafuata wadai wake, akawakusanya uani mchana kweupe.

"Nimewakimbia nyie wote," aliwaambia. "Sitakimbia tena, ila siwezi kuwalipa kwa pamoja."

Kasimu alifoka, akamwita mwizi. Optatus alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakapatana. Aliuza baiskeli na redio, akamaliza deni la Damiano kwanza, kwa sababu ndilo lililokuwa linakua. Kasimu alikubali kulipwa kidogo kidogo. Waliotanguliza fedha walitengenezewa vitanda kwa zamu, na hakupokea fedha ya kitanda kipya kabla ya kukabidhi kile kilicholipiwa zamani. Nyumbani walikula ugali na matembele mpaka mavuno mawili yakapita.

Deni liliisha. Lakini kila hodi ilipopigwa, Evaline alimtazama baba yake kwanza, asijue aseme kweli au uongo.

FUNZO

Ndugu msomaji, usikope kulipa deni. Ukishakwama, kata matumizi, uza usichokihitaji, anza na deni lenye riba, na hao wengine uwaendee mwenyewe kabla hawajakufuata. Mdai anayefoka mbele yako bado unaweza kupatana naye. Ukijizoeza kujificha, utamkimbia hata anayekuletea habari ya mama yako. Optatus alilipa kila shilingi, ila hakumzika mama yake.