Pipi Zisizofungwa

“Unalinunua au unalichezea?”

Siosaia alishtuka, koja la pipi likamponyoka mkononi. Soko la Otara lilikuwa limefurika kama kawaida ya Jumamosi asubuhi. Watu walipita na magunia ya magimbi mabegani, spika ya wahubiri ikigombana na spika ya muuza viatu, moshi wa nyama ya kuchoma ukiingia machoni. Nyuma ya meza alikaa msichana mwenye shati la njano lililopauka, nywele amezibana kwa kalamu, vidole vimejaa plasta. Makoja yalining’inia mbele yake, kila pipi imeviringishwa ndani ya nailoni na kufungwa kwa utepe, tayari kuvishwa shingoni mwa mwenye sherehe.

“Samahani, dada. Natafuta zuri. Binti wa kaka yangu anahitimu.”

“Yote mazuri.”

“Hili utepe wake umelegea.”

“Umelegea kwa sababu umeuvuta.”

“Basi nifungie upya.”

“Basi lipa kwanza.”

Alilipa huku akicheka. Alikuwa mrefu, bado amevaa kizibao cha rangi ya chungwa cha wapakia mizigo wa uwanja wa ndege, na alicheka kwa mabega yote. Jumamosi iliyofuata alirudi.

“Leo nani anahitimu?” msichana akauliza bila kuinua kichwa.

“Mbwa wetu.”

Msichana aliuma utepe kwa meno ili asicheke, lakini macho yalimsaliti. Jina lake Kalolaine. Kufikia majira ya baridi alikuwa Kalo wake, na kufikia kiangazi mama yake Kalo alikuwa amepokea mikeka na nguruwe kutoka kwa kina Siosaia, na siku ya harusi ikapangwa.

Walikwenda pamoja kuchagua pipi katika duka la pipi za kupima, kule Manukau. Kalo alivaa gauni la maua na viatu vya raba, akasukuma toroli kama mtu anayekwenda vitani.

“Nyeupe na kijani tu,” alisema.

“Nyeupe na kijani? Harusi au hospitali?”

“Kama tunda la feijoa ukilikata katikati.”

“Feijoa ndani ina rangi ya uji.”

“Saia!”

“Nimenyamaza, mama.”

Kalo alionja kila kitu kabla ya kukichota. Alichukua pipi nyeupe za umbo la vichupa vya maziwa, laini, zinazonata kidogo menoni. Alichukua majani ya minti yenye sukari juu, vipande vya nazi, na matone ya kijani yenye ukali wa pea mbichi. Saia akaja amekumbatia mfuko wa nanasi zilizovikwa chokoleti.

“Bila hizi si harusi, ni kikao cha kamati.”

“Zina rangi ya kahawia.”

“Mimi pia, na umenikubali.”

“Wewe hukai kwenye chupa ya kioo.”

Alizirudisha. Saia akazitia tena. Walipofika kwa mwenye mashine ya malipo zilikuwemo, na Kalo akajifanya hakuziona.

Nje, kwenye maegesho, alishika mkono wa Saia, utani ukamtoka ghafla.

“Nikuambie kitu, usicheke. Tangu nikiwa mdogo nafunga makoja ya harusi za watu. Kila harusi ya Mangere niko jikoni na mama, nafunga mpaka utepe unanikata. Nasikia muziki ukipenya ukutani. Sijawahi kumwona bibi harusi akiingia ukumbini, hata mmoja. Kwenye harusi yangu sitaki pipi iliyofungwa. Nataka meza ya chupa za kioo, mtu aje ajichotee anachopenda. Mikono ya mwanamke yeyote isikae jikoni kwa ajili yangu.”

“Sawa,” alisema Saia. “Naapa.”

Pipi zikawekwa gereji kwa Saia, kwa kuwa ilikuwa na ubaridi.

Sasa alikuwepo Shangazi Lupe, dada mkubwa wa marehemu baba yake Saia. Kwa desturi ya Watonga, katika harusi ya mtoto wa kaka yake, shangazi ndiye mkubwa kuliko wote. Akitaka mkeka, ni wake. Akitaka keki ya juu, inashushwa apewe. Hakuna anayemuuliza, na mtoto wa kaka ndiye wa mwisho kuthubutu. Shangazi Lupe alipiga simu siku chache kabla ya harusi.

“Saia, pipi ziko wapi?”

“Gereji, Shangazi.”

“Zimefungwa?”

“Hapana, Shangazi. Kalo anataka zikae kwenye chupa, watu wajichotee.”

“Wajichotee? Kama kuku? Mtoto wa kaka yangu anaoa, wageni wangu wakae shingo tupu, watu wa Otahuhu wanicheke? Acha mlango wazi. Nakuja na wanawake wa kanisa.”

Saia alifungua kinywa. Neno alilotaka kulisema lilikuwa fupi, na halikutoka.

“Ndiyo, Shangazi.”

Jioni ile Kalo akapiga.

“Pipi zangu hazijambo?”

“Hazijambo, mpenzi.”

“Umezila, wewe.”

“Nanasi mbili tu.”

“Mwizi! Nitakupekua mifuko.”

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika, Saia alikaa akiitazama gereji tupu.

Ijumaa asubuhi Kalo aliingia ukumbi wa kanisa akiwa amebeba sanduku la chupa za kioo. Alizikusanya moja moja kutoka maduka ya mitumba, akaziosha kwa siki mpaka zikawa kama maji. Alisikia nyimbo kabla ya kuona. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, mikasi ikilia, na katikati yao palikuwa na mlima wa makoja. Meupe na kijani.

“Bibi harusi huyo!” Shangazi Lupe aliinuka, mwanamke mpana mwenye gauni jeusi na sauti ya kujaza ukumbi. “Njoo uone mikono ya shangazi zako!” Akamvisha koja la kwanza.

Kalo aliinamisha macho. Vile vichupa vya maziwa, vilivyokuwa laini vile, vilikuwa vimekabwa ndani ya nailoni kifuani pake. Akaweka sanduku chini. Saia alikuwa upande wa pili, ameshika kiti mkononi.

“Uliniambia hazijambo,” alisema Kalo.

“Kalo, Shangazi ali…”

“Simuulizi Shangazi! Shangazi amefanya anayofanya siku zote. Nakuuliza wewe. Nilikupigia simu, nikakuuliza, ukacheka na mimi. Ulikuwa unacheka nini?”

Nyimbo zilikatika. Mwanamke mmoja akaguna. Shangazi Lupe akasema, “Binti, angalia sauti yako,” lakini Kalo hakumsikia, au alisikia akapita. Alilivua koja. Mkono ulimwasha kulitupa, lakini hata kwa hasira ile hakuweza kutupa kazi ya vidole vya mtu. Alilitandaza juu ya kiti taratibu.

“Kesho usinisubiri kanisani,” alisema, akatoka.

Saia alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena na tena, mpaka ikapokewa.

“Mpenzi…”

“Usiniite hivyo.”

“Kalo, tafadhali, ni pipi tu.”



“Rudia.”

“Nimekosea kusema.”

“Rudia, Saia. Ni nini tu?” Sauti yake ilipanda. “Leo pipi. Kesho atamtaka mtoto wetu wa kwanza akalelewe kwake, utasema ndiyo Shangazi. Mtoto atakuwa ameshapelekwa kwa ndugu zake Tonga, mimi nakupigia simu nauliza mtoto hajambo, nawe utanijibu hajambo, mpenzi. Na utacheka!”

Akakata. Saia alibaki amesimama kwenye maegesho ya kanisa, simu sikioni, masikio yanawaka. Alikuwa amemkasirikia Kalo kwa kumwaibisha mbele ya wanawake. Kisha hasira ile ikageuka, ikamkuta yeye mwenyewe.

Alirudi ndani, akachukua mkasi, akaketi mkekani mbele ya ule mlima, akaanza kukata.

“Unafanya nini?” aliuliza Shangazi Lupe.

“Nafungua, Shangazi.”

“Unafungua kazi ya mikono yangu?”

“Chukua mikeka, Shangazi. Chukua keki, vitambaa, nguruwe wote. Hizi nilikupa na hazikuwa zangu.”

“Baba yako hakuwahi kunijibu maisha yake yote!”

“Najua, Shangazi.” Mkasi uliendelea.

Shangazi Lupe alibeba mkoba wake akatoka, na wanawake nyuma yake, wengine wameziba midomo. Mmoja wao hakuweza kuvumilia. Alimpigia mama yake Kalo kabla ya kufika garini: “Mkweo amerukwa na akili, anakatakata makoja!”

Kalo alifika bado amevimba kwa hasira, amekuja kuchukua chupa zake aondoke. Alimkuta Saia katikati ya vipande vya nailoni, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, vidole vimechanika kwa utepe. Nusu ya pipi alizikata pamoja na mafundo.

“Unaziua,” alisema Kalo.

“Nionyeshe.”

“Sikuonyeshi. Nikikuonyesha utadhani nimekusamehe.”

“Sitadhani.”

Akakata nyingine, ikagawanyika vipande viwili. Kalo alivumilia kidogo tu. Akaketi, akampa mgongo, akachukua mkasi wa pili.

“Kata fundo, usikate nailoni. Kisha vuta. Vuta, sijasema rarua!”

“Kalo, nimemwambia Shangazi…”

“Nimesikia kwa watu. Mimi mwenyewe sikusikia. Nilikuwa kitandani nalia.”

“Hivi ndivyo vidole vyako vinavyouma kila siku?”

“Usitafute huruma. Fungua.”

Walifungua mgongo kwa mgongo, bila wimbo. Wapambaji walipoingia na maua yao, makoja mengi yalikuwa bado yamefungwa, na pipi nzima zilizopatikana zilijaza chupa moja tu. Kalo aliifunika kifuniko, akaifuta kwa pindo la gauni.

“Moja inatosha,” alisema. “Kesho nitakuja. Lakini nisikilize, Saia. Shangazi akija kuibeba hii, nataka nisikie kwa masikio yangu. Ukimwachia, nitatoka ukumbini na gauni langu hivyohivyo.”

Jumamosi Kalo aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele. Gauni jeupe, juu yake mikeka myororo imezungushwa kiunoni mpaka akatembea kwa hatua ndogo, nywele zinang’aa mafuta ya nazi. Wageni wote walivaa yale makoja meupe na ya kijani yaliyobaki. Shingo mbili tu zilikuwa tupu, yake na ya bwana harusi. Muziki haukupitia ukutani. Ulimjia usoni, na alilazimika kuuma mdomo asilie.

Meza zilijaa nguruwe, magimbi, na nyama iliyopikwa kwa majani na tui. Hotuba zikaisha. Shangazi Lupe akainuka kuchukua vyake. Mikeka ikakunjwa mbele yake, vitambaa vya magome vikakunjwa, keki ya juu ikashushwa. Kisha akaja mpaka meza ya maharusi, ambapo ile chupa ilisimama peke yake, na akaitia mikono yote miwili ubavuni.

Saia alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, plasta kwenye kila kidole.

“Hapana, Shangazi,” alisema. “Hii mtu anajichotea. Kijiko hiki hapa.”

 Mzee mmoja wa kanisa aliacha kutafuna.

“Nani amekufundisha kunipangia?”

“Sijafundishwa. Nilikuwa nimeahidi.”

Shangazi Lupe alimwangalia, kisha akamwangalia Kalo. Kalo hakuinamisha macho. Alikuwa ameshika mikono ya kiti, tayari kuinuka.

“Mke wako mkali,” alisema Shangazi.

“Mkali sana, Shangazi.”

“Atakutesa.”

“Ndiyo, Shangazi.”

Shangazi alikipokea kijiko kana kwamba ni kitu kichafu. Alichokora ndani ya chupa, akapita vichupa vya maziwa, akapita majani ya minti, akachimba mpaka chini, akaibuka na nanasi moja ya chokoleti. Akaila hapo hapo, wima, bila haraka.

“Imelainika,” alisema. Akachota nyingine, akakirudisha kijiko mezani, akaenda zake.

Foleni ikaanza nyuma yake, watoto kwanza. Saia aliketi kama mtu aliyevuliwa mifupa. Chini ya meza mkono wa Kalo ukauchukua wake, plasta kwa plasta.

“Bado nimekasirika,” alinong’ona.

“Najua.”

“Mpaka Krismasi.”

“Sawa, mpenzi.”

“Na uliingiza nanasi kwenye chupa yangu.”

“Chini kabisa. Nilidhani hutaziona.”

“Niliziona tangu dukani, mjinga wewe,” alisema Kalo, na akamminya vidole mpaka Saia akaguna.