Fungu la Ijumaa la Nyakwawa Makuta

Ndugu zangu mnaokula samaki, tegeni sikio, maana haya yaliwapata watu wenye akili kama zetu.

Kijiji cha Namalaka, kusini mwa Ziwa Malawi, kilikuwa na raha yake. Kila Ijumaa wavuvi walimpelekea mkuu wa kijiji, Nyakwawa Makuta, fungu lake la samaki, kama babu zake walivyopelekewa. Naye aliketi barazani na sinia la nsima, ugali wa kwao, akimtolea miiba mpwa wake Esnati.

"Kula, mama wa nyakwawa," alimwambia. "Kula unenepe."

Hakuwa akitania. Makuta alikuwa na wanawe, lakini kwa Wayao cheo hupita kwa mwanamke, na dada yake Alefa alikuwa amezaa mmoja tu, Esnati huyo. Mrithi wa kiti cha Makuta ilikuwa lazima atoke tumboni mwa binti huyo.

Alefa alikuwa katibu wa kamati ya ufuo. Kwa miaka mitatu wanakijiji walikuwa wakiyalinda maji ya pwani ya ziwa kwa zamu. Wanawake walipanda matete, wanaume walizunguka na mitumbwi, na nyavu za matundu madogo zilipigwa marufuku. Samaki walianza kurudi. Basi Ijumaa hiyo kamati ikafika barazani ikiburuta nyavu mbichi za Saulosi, mvuvi mgeni.

"Kaka, tazama," alisema Alefa. "Hata dagaa hapenyi hapa. Sheria tuliitunga wote, tuzichome."

Saulosi alicheka. "Mkono mtupu haulambwi, mama. Nyakwawa, kabla hujachoma, uliza kikapu chako siku hizi kinajazwa na nani."

Makuta alikitazama kikapu. Tangu Saulosi aje, fungu lilikuwa mara tatu ya zamani. "Mrudishieni nyavu zake," alisema.

"Kaka! Kwenye maji ya kina kifupi ndiko anakoishi yule samaki mla konokono. Bwana samaki wa serikali si alitwambia? Akiisha huyo, konokono watajaa, na konokono ndio wanaoleta kichocho."

"Kisamaki kisichomshibisha paka! Tangu lini konokono akala mtu?" alidhihaki Makuta. Baraza zima likaangua kicheko. Makuta akanogewa. "Umemdhalilisha mgeni wangu. Piga magoti, umwombe radhi."

Alefa alipiga magoti mbele ya mwanawe na mbele ya kijiji. Kamati ikafa siku hiyo. Nani angekesha ufuoni kumlinda samaki ambaye mkuu ameshamla?

Miaka miwili haikupita, wale samaki wanaokula konokono wakatoweka. Konokono wakashika matete kama kunde. Wavulana walikojoa damu wakashindana ya nani nyekundu zaidi, na baba zao wakacheka, wakasema ndio ukubwa huo. Esnati alikuwa akiosha vyombo kwenye maji hayo kila siku. Asubuhi moja, akiwa na miaka kumi na mmoja, aliona damu kwenye nguo yake.

Mabibi walisikia, wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza damu imetoka njia ipi. Aliyefurahi kupita wote ni Makuta. Alichinja mbuzi, akaita ngoma, akaamuru mtoto apelekwe unyago.

"Bado mdogo huyu," Alefa alisema. "Twende kwanza zahanati."

"Zahanati kwa jambo la heri? Wivu wa nini, mwanamke? Ukoo wangu umepata mlango."

Hapa ndipo roho yangu inaponiuma. Dawa ya kichocho ni vidonge vya kumeza siku moja. Siku moja tu, jamani! Walicheza ngoma siku saba.

Esnati alikua, akaolewa na Yasini, kijana mpole. Miaka minne ikapita bila mimba, na tumbo likimkata, na damu ikimtoka ovyo. Yasini alipochoka, akampeleka kwa mjomba mtu, kama desturi inavyotaka. Makuta alimhukumu hadharani.

"Sema, umelala na nani?"

"Na mume wangu tu, mjomba."

"Mwongo! Mwanamke safi hatoki damu hivyo. Nilikulea kama yai, kumbe nalea uchafu." Akaivunja ndoa palepale, akakataza nyumba yoyote kumpa hata kaa la moto. Mabibi wale wale waliomchezea ngoma walitema mate alipopita.

Alefa alimbeba mwanawe hadi hospitali ya wilaya. Daktari alimpima, kisha akauliza, "Damu ilianza lini?"

"Akiwa na miaka kumi na mmoja," Alefa alijibu, na papo hapo akaelewa.

"Ni kichocho, mama. Kimekaa miaka mingi, kimeacha makovu ndani. Dawa tutampa, atapona maumivu. Kuzaa, hapana."

Habari zilimfikia Makuta. Wakati huo kikapu chake kilikuwa kikirudi na dagaa wa kuhesabu, na Saulosi alikuwa amehamia ufuo mwingine wenye samaki. Mzee alikwenda kwenye kibanda cha dada yake, akasimama mlangoni.

"Mpwa wangu, nilikukosea," alisema. "Rudi nyumbani. Labda kuna mganga ng'ambo huko. Wazee wananiuliza kiti atakalia nani."

Esnati alitokea mlangoni. "Mjomba, umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya kiti?"

Hakungoja jibu. Esnati akafunga mlango. Mzee alipokufa mwaka uliofuata, kiti kilikwenda kwa ukoo mwingine, na Esnati hakutoka kwenda kumlilia.

Funzo

Ziwa ni la wote, na sheria ya ziwa imshike kwanza anayeketi barazani. Kamati yenu ikikamata nyavu haramu, simameni nayo, msicheke na wakubwa. Msimdharau kiumbe mdogo wa majini, hamjui amezuia nini kisiwafikie. Mtoto akitokwa na damu, mpelekeni zahanati kabla ya ngoma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naongeza: mkuu asiyesikia la watu huwavunja wasio na kosa.