Kiraka Kwenye Mchoro

Ka-ka-ka! Kifuniko cha sufuria kilitikisika jikoni kabla ya mapambazuko. Kukhu Nasimiyu alikuwa akichemsha chai. Jumamosi nyinginezo mjukuu wake Namalwa angekuwa bado amelala, lakini leo alikuwa ameshavaa viatu.

"Mbona mapema hivi?"

"Naenda dukani na Mjomba Zedekiah. Kukhu, leo Wavinya atanijua!"

Jumatano Wavinya, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameinua mchoro ambao Namalwa alimchora Kukhu, bibi yake, mbele ya darasa zima. "Oneni! Amechora shosho yake kama gunia la viazi!" Tangu hapo watoto walimwita Gunia. Kwa siku tatu Namalwa hakuwaza lolote ila kulipiza kisasi.

Kukhu alimsogezea kikombe. "Kunywa kwanza, mama."

Mjomba alikuwa na duka dogo la picha katikati ya jiji. Kwa kompyuta, aligeuza picha za wateja zikaonekana kama zimechorwa kwa penseli. Namalwa alimpa picha ya darasa lao, waliyopigwa siku ya maonyesho katika uwanja wa Jamhuri.

"Nataka huyu Wavinya. Nitamwongezea meno ya punda. Jumatatu namwanika ukutani, wamcheke mpaka alie!"

"Kugeuza nitakufundisha," alisema Mjomba. "Hayo meno utayachora mwenyewe."

Waliondoa rangi zote. Kisha Namalwa akaanza kuongeza mistari.

"Polepole," Mjomba alisema. "Ukizidisha itakuwa nyeusi kama masizi."

Ghafla Namalwa aliacha. Katika picha ya rangi, sweta zote nyekundu zilikuwa zimechanganyika. Sasa mistari ilionyesha kwamba Wavinya peke yake hakuwa na sweta. Alikuwa amejikunyata kwa baridi. Na sweta iliyofungwa kiunoni mwa Namalwa ilikuwa na kiraka kwenye kiwiko, kile kiraka ambacho Wavinya hukificha kwa mkono kila siku.

Siku hiyo ya maonyesho sketi ya Namalwa ilikuwa imeraruka. Mwalimu Kamene alimpa sweta ajifunge, wala hakusema ni ya nani.

"Haya, meno?" Mjomba aliuliza.

"Achana nayo, Mjomba. Chapisha hivyo hivyo."

Alasiri, Namalwa na Kukhu walitembea hadi mtaa wa Lavington, ambako mama yake Wavinya alifanya kazi za nyumbani. Wavinya alitoka langoni amekunja uso.

"Umekuja tugombane?"

"Nilitaka kukuwekea meno ya punda," alisema Namalwa, akimpa mchoro. "Halafu nikaona sweta yako."

Wavinya aliutazama mchoro. "Shosho yako ulimchora vizuri. Nilikuonea wivu. Pole. Jumatatu nitawaambia wote waache kukuita Gunia."

Kukhu aliwashika mabega. "Wavinya alikukosea, na ni vizuri kosa limesemwa. Lakini pia alikufaa, akapigwa na baridi kwa ajili yako. Ukikasirika, mwangalie mtu pande zote kabla hujamlipiza."

Walipokuwa wakiondoka, Wavinya aliwakimbilia.

"Shosho, mje tena Jumamosi! Nataka nikuchore mimi. Tuone kama sitachora gunia."