Jicho la Pili la Fisi

Katoni za vitabu vipya zilipofika mtaani kwetu Bulla Pesa, zilinuka fisi. Si wino, si gundi. Fisi. Na mimi nimechunga mbuzi Leparua mpaka magoti yakaisha, kwa hivyo hakuna mtu Isiolo hii wa kunifundisha harufu hiyo. Wenye vyeti wakibisha, wabishe.

Safiyo, mwenye vitabu, alidhani ni uvundo wa lori. Mama huyu huwaandikia watoto hadithi za wanyama na kuzichora mwenyewe, na kila mnyama wake humwachia jicho moja jeupe, bila mboni. Ni mwiko wa nyanya yake Chachu: jini hutafuta umbo la kuvaa, na umbo lenye macho mawili huona mlango wa kutokea.

Akafungua katoni. Fisi wa jalada akamtazama kwa macho mawili.

Akampigia simu Judy, mhariri wake wa Nairobi.

"Nani ameguza jicho la fisi wangu?"

"Ni mimi, dada. Tulijaza kwa kompyuta. Watoto wangedhani ni kipofu."

"Tangu kitabu cha kwanza nakwambia usiguze."

"Hayo mambo ya nyanya wachana nayo. Kesho unapeleka vitabu shuleni, furahi kidogo." Judy akacheka, akakata.

Safiyo aligeuka, matusi yamemjaa mdomo, akamkuta binti yake Fahmo mkekani, kitabu mapajani.

"Mama," mtoto akanong'ona, "jicho langu limekataa kufunguka."

Kope zilikuwa zimeshikana kama zimeshonwa, na Safiyo alipozigusa kitu kikaanza kukwaruza ndani ya katoni, kwanza moja, halafu ya pili, halafu zote, kucha juu ya karatasi, na ile harufu ikapanda mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba, jua linawaka, adhana ya alasiri haijaisha, na katikati ya adhana kitu kikacheka.

Sheikh Abdighani aliitwa. Alisoma Kurani akiwa mlangoni, na kila akisoma, kicheko kilimjibu.

"Kimepewa jicho," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono uliochora ndio utalifunga, kwa masizi. Kila kitabu."

"Niharibu kazi yangu, sheikh? Shule gani itachukua vitabu vya masizi?"

"Jicho la karatasi au la mtoto, mama. Chagua."

Safiyo akakwangua masizi ya sufuria, akayakoroga na samli, akaanza kuziba. Hakulia. Kila jicho alilolifunika alimlaani Judy kwa jina, na kwa hasira yake kidole kilitoboa baadhi ya majalada. Alipoziba la mwisho, harufu ikakatika. Fahmo akafungua jicho, akaomba maziwa ya ngamia.

Pale sakafuni vitabu vyote vilikuwa vichafu, hakuna hata kimoja cha kumpa mwalimu.

Simu ikalia. Ni Judy.

"Safiyo. Kuna nakala moja nilibaki nayo hapa mezani. Fisi hayuko kwenye jalada. Na jicho langu moja halifunguki."

Safiyo alifuta masizi kwenye leso, polepole.

"Tafadhali, dada, mwambie huyo mtu aache. Nani anacheka hapo kwako?"

Safiyo akamtazama Fahmo akinywa maziwa, akamtazama sheikh, ambaye midomo yake imetulia.

"Hapa kwangu, Judy, hakuna mtu anacheka."